Sitara ni ya Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemvika mwanadamu nguo ya kumsitiri mwili na ucha Mungu wa kumsitiri roho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa na haya kuliko mwanamwali aliye ndani ya chumba chake, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu wa Kibera na Kawangware, jambo tulilokusudia kulisema katika karatasi hii ni jambo ambalo ndimi nyingi huliepuka. Nalo ni jambo la mtu mzima, mwenye akili ya kufanya biashara na kuhisabu fedha, ambaye hujibanza kichochoroni au pembezoni mwa njia ya reli, na anapomwona mwanamke au mtoto wa kike anapita peke yake, humfunulia tupu yake kwa kusudi, ili aonekane. Pengine hamgusi wala hamsemeshi. Kisha huenda zake, na yule aliyeonyeshwa hubaki anatetemeka, hajui amwambie nani.

Katika darsa tumeulizwa masuali matatu juu ya mtu huyu. La kwanza, je, huu ni ugonjwa au ni ufasiki? La pili, je, si jini huyu aliyempanda? La tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, je, si wajibu wetu kumsitiri Mwislamu mwenzetu, asifedheheke yeye, mkewe na watoto wake? Tutayajibu yote kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Wako watakaosema kuwa mambo kama haya hayafai kuandikwa. Jawabu yetu ni kuwa Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza dini yao. Haya inayomfunga mtu asijue haki yake na wajibu wake si ile haya iliyo katika imani. Hiyo ni udhaifu uliovikwa kilemba cha haya.

ASILI YA HAYA

Haya haikuletwa na watu wa pwani, wala na Waarabu, wala na Wazungu. Imo katika maumbile. Qurani imetueleza katika Sura ya Al-Aaraf kuwa baba yetu Adam na mama yetu Hawa, mara tu tupu zao zilipowadhihirikia, walianza kujibandika majani ya bustani. Hapakuwa na mtu wa kuwacheka, na hapakuwa na sheria iliyowaamrisha. Nafsi zao zenyewe zilikimbilia sitara. Ndipo wanazuoni wakasema kuwa kusitiri tupu ni katika umbile aliloumbiwa mtu, na kuifunua kwa kusudi ni kwenda kinyume na umbile hilo.

Lakini watu huweza kulipotoa umbile, kisha wakalitafutia upotofu wao hoja. Katika zama za ujinga walikuwako Waarabu waliokuwa wakitufu Al-Kaaba uchi, wakidai kuwa haiwafalii kumzunguka Bwana wa Nyumba ile kwa nguo walizomuasi nazo. Hoja ilikuwa na sura ya ibada! Mwaka wa 9 wa Hijra, Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alipotumwa kuwaongoza mahujaji, ikatangazwa Mina kuwa baada ya mwaka ule hakuna tena atakayetufu uchi. Tunajifunza hapa kuwa uchafu hauwi mwema kwa kuzoewa, wala kwa kutafutiwa maneno mazuri.

Na iko hadithi nyingine, waliyoipokea Abu Daud na Nasai, inayotufaa sana katika maneno yetu ya leo. Mtume (S.A.W.) alimwona mtu akioga mahali pa wazi. Akapanda mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akawafundisha watu kuwa Mola ni mwenye haya na msitiri, naye anapenda haya na sitara. Basi mwenye kuoga na ajisitiri. Tazameni hekima iliyomo. Jambo lilisemwa juu ya mimbari, mbele ya watu wote, lakini jina la mtu yule halikutajwa. Naye hakuwa amemkusudia mtu kwa ubaya. Alikuwa anaoga tu. Kwa mtu kama huyo, mafunzo na kipande cha nguo vyatosha. Je, na aliyekusudia?

WATU WANNE WASIOFANANA

Kosa kubwa la watu wa mitaa yetu ni kuwachanganya watu wanne katika jina moja la utovu wa adabu. Tuwapambanue.

Wa kwanza ni yule asiye na pa kujisitiri. Kibera ilianza mwanzo wa karne ya 20 kuwa makazi ya askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, walioiita Kibra, yaani msitu, kwa lugha ya Kinubi. Ardhi yake ilikuwa zaidi ya eka 4,000, na nyumba zilikuwa na nyua na viunga. Hati ya ardhi waliyokabidhiwa jamaa wa Kinubi mwaka 2017 ni ya eka 288 tu, na kando yake mabati yameegemea mabati. Na Kawangware, iliyokuwa sehemu ya mashamba ya Dagoretti, leo ina majumba ya kupanga yaliyosongamana kutoka Gatina hadi Kongo. Chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 ni chumba cha kulala, jiko, sebule na mara nyingine bafu. Mwanamke anayeoga nyuma ya gunia lililotoboka si fasiki. Yeye ndiye aliyedhulumiwa sitara, na dhambi iko kwa aliyepokea kodi yake kila mwezi asimtilie mlango.

Wa pili ni aliyeondokewa na akili. Tunawaona stejini na masokoni, nguo zimewachakaa au hawanazo kabisa. Sheria yetu imesema wazi kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mwendawazimu ni mmoja wao mpaka apone. Huyu haki yake juu yetu ni nguo, chakula na tabibu. Na katika mlango huu huingia mzee aliyeishi kwa heshima miaka 60, kisha ghafla akaanza kujivua mbele ya wakwe na wajukuu. Jamaa zake wasikimbilie kumlaani. Yako maradhi ya ubongo yanayoanza kwa kumwondolea mtu haya kabla ya kumwondolea kumbukumbu. Na apelekwe hospitali.

Wa tatu ni aliyevuliwa na wengine, au aliyejivua kwa uchungu wa dhulma. Mwaka 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani hapa Nairobi na makundi ya wanaume waliojifanya walinzi wa maadili, hata mwezi wa Novemba mwaka huo wanawake wengi wakaandamana mjini kulalamika. Ajabu iliyoje, kumfunua mwanamke kwa madai kuwa hakujifunika! Serikali ikaongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mwenye kumvua mtu nguo kwa nguvu. Na tarehe 3 Machi 1992, kina mama waliokuwa Uhuru Park wakidai kufunguliwa kwa wana wao waliofungwa kwa mambo ya siasa walishambuliwa na polisi, na baadhi yao wakavua nguo. Hilo kwa kabila nyingi za nchi hii ni laana ya mama kwa dhalimu. Sisi hatusemi kuwa sheria yetu inaruhusu hayo. Twasema tu kuwa mwenye kuwafananisha kina mama wale na mtu wa kichochoroni hakuwatazama kwa insafu.

Wa nne ndiye tunayemkusudia. Ana akili, ana nguo, ana mlango wa kufunga, na hakuna aliyemdhulumu. Anajifunua kwa sababu yuko mtu wa kumwona ambaye hakutaka kumwona.

WALIYOYASEMA MATABIBU

Ndugu msomaji, elimu ni kitu kilichompotea Muumini, popote anapokiona anakiokota. Tabibu wa Kifaransa, Charles Lasègue, aliandika juu ya watu wa namna hii mwaka 1877, na tangu hapo matabibu wa nafsi wamelichungua jambo lao. Katika kitabu cha matabibu wa Kimarekani kilichotolewa mwaka 2013, mtu huhisabiwa kuwa na maradhi haya ikiwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi amekuwa akisukumwa na matamanio makali ya kujifunua kwa mtu asiye na khabari, na ikiwa ameyatenda hayo kwa mtu asiyeridhia, au matamanio hayo yamemsumbua na kumharibia maisha yake.

Wanaofanya haya wengi ni wanaume, na mara nyingi huanza katika ujana. Si wote walio makapera, wala si wote walio maskini. Huko Sweden, katika utafiti uliotolewa mwaka 2006 juu ya watu 2,450 wa umri wa miaka 18 hadi 60, watu 3.1 katika kila 100 walisema kuwa wamewahi angalau mara moja kuona ladha ya kujifunua kwa mtu wasiyemjua. Basi asidhani mtu kuwa huu ni uchafu wa vibanda vya Kibera. Umo katika nchi tajiri zenye nyumba za mawe na mabafu ya marumaru. Umaskini hauuzai; umaskini huuzidishia vichochoro vya kujificha na huwapunguzia wanawake njia za kuuepuka.

Wameeleza pia jinsi unavyofanya kazi ndani ya nafsi. Mtu huanza kubanwa na dhiki, pengine ya upweke, au ya kudharauliwa kazini, au ya ugomvi wa nyumbani. Hukaa na fikira yake kwa siri, na siri huilisha fikira. Kisha hutoka akatenda. Anachokitaka hasa ni ule mshtuko, ule uso uliobadilika wa mwanamke, upate kumhakikishia kuwa yeye yupo na ana nguvu juu ya mtu. Dakika chache hupata nafuu. Baadaye humshika fedheha, akaapa kuwa hatarudia. Lakini dhiki hurudi, naye hurudi. Wala matabibu hawakuafikiana juu ya sababu moja ya asili yake. Na si kila mtendaji ni mgonjwa: yuko mlevi ambaye pombe imemvua haya kabla ya kumvua nguo, na yuko mjeuri tu anayetaka kuwatia wanawake khofu.

Na hapa ndipo lilipo jawabu la suali la kwanza. Mwaliuliza ni ugonjwa au ni ufasiki? Twasema huweza kuwa vyote viwili, wala kimoja hakifuti kingine. Msukumo wa ndani huweza kuwa ni maradhi ambayo mtu hakuyachagua. Ama kwenda kuvizia, kuchagua saa, kuchagua njia isiyo na wanaume, kumwacha mwenye nguvu apite na kumngoja aliye dhaifu, haya yote ni matendo ya mwenye hiari. Mwendawazimu hachagui mtazamaji. Huyu anachagua, na kwa kuchagua kwake ataulizwa duniani na akhera.

Ama suali la jini, sisi tunaamini kuwepo kwa majini kama ilivyokuja katika Qurani. Lakini hatukupewa ruhusa ya kumsingizia jini kila tusichotaka kukijibu. Mtu anayepelekwa kupungwa kwa ngoma na ubani, akafungwa hirizi kiunoni, kisha akarudi mtaani na cheti cha kuwa ni jini wala si yeye, amepewa udhuru, hakupewa dawa. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Na asomewe Qurani, ni kheri. Kisha ashikwe mkono apelekwe kwa tabibu. Hospitali ya Mathari imekuwako hapa Nairobi tangu mwaka 1910. Yako mazungumzo ya tiba ya kumfunza mtu kuitambua dhiki kabla haijamtawala, na ziko dawa za kupunguza ukali wa matamanio. Si aibu kwenda Mathari. Aibu ni kurudi kichochoroni.

HOJA YA KUSITIRI

Sasa tuje kwenye suali la tatu. Imekuwa mazoea katika mitaa yetu kuwa msichana akisema alilofanyiwa, wazee hukutana, mtu akaombewa msamaha, baba wa mtoto akatiwa fedha mkononi, na wote wakaondoka wakisema kuwa amsitiriye Mwislamu atasitiriwa na Mola wake Siku ya Kiyama. Msichana haulizwi neno ila moja: ulifuata nini njia ile, na ulivaa nini? Baada ya miezi miwili, msichana mwingine analia.

Hadithi ya kusitiri ni sahihi, imo katika Sahihi Muslim, na sisi tunaiamini. Lakini dini haichukuliwi kwa neno moja likaachwa jingine. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, katika sherehe yake ya kitabu hicho hicho ameeleza kuwa sitara inayopendekezwa ni kwa watu wa heshima ambao hawajulikani kwa maudhi na ufisadi. Ama anayejulikana kwa hayo, kinachopendekezwa ni asisitiriwe, bali mambo yake yafikishwe kwa mwenye mamlaka, maadamu halikhofiwi baya kubwa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kumsitiri humtia tamaa ya kuzidi, na huwatia wengine ujasiri wa kumfuata. Tena hayo ni ya maasi yaliyokwisha kupita. Maasi yanayoendelea ni wajibu kuyazuia kwa mwenye uweza.

Fikirini, enyi wazee wetu. Sitara ni nguo, na nguo moja haiwatoshi wawili. Mnapomfunika nayo mtendaji, mmemvua mtendewa. Yeye ndiye atakayepita kesho njia ile ile kwenda kuchota maji. Ndiye atakayeacha darsa ya Magharibi kwa khofu. Ndiye atakayedhani kuwa aibu ni yake kwa kuwa nyote mlimwambia anyamaze. Je, yeye si Mwislamu? Je, hana haki ya kusitiriwa? Sitara ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa: jina lake lisitajwe, kisa chake kisizungushwe barazani, asiulizwe mara kumi na watu kumi. Ama mwenye kudhulumu, sitara yake ni toba yake na kuzuiwa kwake. Mtume (S.A.W.) alipoamrisha kumsaidia ndugu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, masahaba waliuliza vipi humsaidia dhalimu, naye akawafahamisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Huo ndio urafiki wa kweli.

Na wahenga wetu wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nao wakasema: akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Asiseme mtu kuwa huyu hana madhara kwa kuwa hakugusa. Baadhi ya watu hawa huishia kwenye mambo makubwa zaidi, na hata asiyefika huko ameshamnyang'anya mtu amani ya njia yake. Katika Sharia hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na khofu ni madhara.

Wala tusifahamike vibaya kuwa tunawaita watu wachukue mawe na mipira ya gari. Katika mitaa yetu mtu hupigiwa kelele, na kabla hajaulizwa jina amekwisha kuuawa. Huenda akawa ni yule wa pili, mwendawazimu asiye na kalamu. Huenda akawa si yeye kabisa. Na hata akiwa ndiye, Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa hiyo ni adhabu ya Mola wa moto peke yake. Kunyamaza na kuchoma ni ndugu wawili: yule aliyenyamaziwa mara kumi ndiye anayechomwa mara ya kumi na moja.

KICHOCHORO CHA SIMU

Lazima tuseme neno juu ya simu, kwani kichochoro sasa kimeingia viganjani. Mwanamume anayempelekea mwanamke picha ya tupu yake bila ya kuombwa ametenda kitendo kile kile, ila ameongeza woga, kwani hauoni uso wa anayemdhulumu. Na wako wanaomwona mwendawazimu yuko uchi, badala ya kumvua mmoja wao shati akamfunika, wote watoa simu wakampiga picha na kuzisambaza. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta imeweka faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, kwa mwenye kueneza picha za faragha za mtu mwingine. Lakini kabla ya sheria hiyo, Sura ya An-Nur imekwisha kuwaahidi adhabu chungu wale wanaopenda uchafu uenee katika walioamini. Tena Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa umma wake wote hutarajiwa msamaha, ila wale wanaoyatangaza maasi yao wenyewe. Basi vipi hali ya mwenye kujipiga picha ya maasi akaituma?

LA KUFANYA

Maneno bila ya kazi ni moshi. Twawausia ndugu zetu mambo matano.

Kwanza, wenye nyumba za kupanga. Mlio na vyumba Makina, Lindi, Gatina au popote, mcheni Mungu katika milango ya bafu na vyoo. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2010 juu ya wanawake wa mitaa hii ilionyesha jinsi wanavyoogopa kwenda chooni usiku kwa kukhofia kushambuliwa. Mlango wenye komeo la ndani na taa moja ya nje si anasa. Na kamati za misikiti, zinapokusanya sadaka za kupaka rangi mnara, zitoe fungu la kutia taa katika njia wanazopita watoto wa madrasa. Kumsitiri Mwislamu kwa mbao na misumari ni kusitiri pia.

Pili, wazazi. Sura ya An-Nur imeweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa ndani hutakiwa kuomba ruhusa: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Msiseme kuwa aya hii ni ya wenye majumba makubwa. Leso iliyotundikwa katikati ya chumba ni ukuta mbele ya Mwenyezi Mungu, na mtoto akifunzwa kukohoa au kubisha kabla ya kuinua pazia, amejifunza kuwa mwili wa mtu una mpaka. Aliyefunzwa mpaka akiwa mdogo, hauvuki akiwa mkubwa, na akivukiwa yeye atajua kuwa amekosewa.

Tatu, aliyeonyeshwa. Mwanangu, kosa si lako. Ondoka mahali pale uende penye watu, umwambie unayemwamini. Nanyi mnaoambiwa, mwaminini kabla ya kumhoji. Kanuni ya Adhabu ya Kenya imekihisabu kitendo cha aibu hadharani kuwa ni kosa, na katika vituo vya polisi liko dawati la jinsia. Kwa simu, mtoto husaidiwa kwa namba 116, na mtu mzima kwa namba 1195. Na wazee wajue kuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haikuwapa wao uwezo wa kulizima shauri kwa makubaliano ya nyumbani. Uwezo huo uko kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali.

Nne, jamaa za mtendaji. Msimkane, wala msimfiche. Mpelekeni kwa tabibu, na mkiulizwa na wakubwa semeni kweli. Akiwa ni mwalimu wa watoto au mlinzi wa msikiti, na aondolewe kazi hiyo leo, wala si baada ya mfungo. Fedha mlizotaka kumpa baba wa mtoto mzitumie kwa matibabu.

Tano, wewe mwenyewe uliye na jambo hili, nawe huenda umeishika karatasi hii mkononi. Imamu Ahmad amepokea kisa cha kijana aliyemjia Mtume (S.A.W.) akataka ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angelipendea hilo mama yake, binti yake, dada yake. Kila mara kijana akasema la, naye akafahamishwa kuwa hata watu wengine hawalipendei jamaa zao. Kisha akamwekea mkono, akamwombea asamehewe, moyo wake utakaswe na tupu yake ihifadhiwe. Hakumruhusu, na hakumfukuza. Nawe jiulize masuali yale yale. Ungependa mama yako akutane na mtu kama wewe njiani saa ya Magharibi? Ikiwa moyo wako umesema la, basi moyo wako haujafa. Mwende tabibu kabla hujakamatwa, umweleze mtu mmoja mwaminifu aliye karibu nawe, uiepuke njia ile na saa ile, na pombe, na kukaa peke yako na simu. Na ujue kuwa toba haikufutii haki ya yule uliyemtia khofu; hiyo iko kwake, akitaka atasamehe, na wala asilazimishwe.

Ndugu zetu, mtaa hauhisabiwi kuwa na haya kwa kuwa hakuna anayezungumza. Unahisabiwa kuwa na haya siku ambayo mtoto wa kike atatoka darsa ya Magharibi, apite njia ya reli hadi kwao, na asione ila njia.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu na uziondoe khofu zetu. Wasitiri waliofunuliwa kwa dhulma, waponye walio wagonjwa, wazuie wanaodhulumu, na utupe sisi ulimi wa kusema haki na mkono wa kuitenda. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.